Majogoo wawili katika ua mmoja: namna ya kuzuia ugomvi na kulinda afya ya nyumba yako



Hapa Juba kuku ni akiba ya nyumba. Mtoto akiugua, karo ya shule ikidaiwa au mgeni akifika bila taarifa, familia nyingi hutazama kwanza kuku walioko uani. Mayai nayo ni chakula cha kujenga mwili kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito. Kwa hiyo jambo lolote linaloharibu kundi la kuku linagusa afya ya familia moja kwa moja.

Jambo mojawapo ni ugomvi wa majogoo. Watu wengi huuchukulia kama mchezo. Watoto hukusanyika na kushangilia, wakubwa hucheka. Mwisho wake jogoo mmoja hubaki na jicho bovu, mitetea hukosa utulivu, mtoto hukwaruzwa usoni, na majirani wawili huacha kusalimiana. Mambo haya yote yanaweza kuzuiwa, tena bila gharama kubwa.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. Kueleza kwa nini majogoo hupigana.
2. Kuamua ni majogoo wangapi wanaotosha nyumbani kwako.
3. Kuwatenganisha wanaopigana bila kujiumiza.
4. Kutofautisha jeraha la ugomvi na dalili za ugonjwa.
5. Kumhudumia mtu aliyejeruhiwa na jogoo.

KWA NINI MAJOGOO HUPIGANA?

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa majogoo, msemo huu ni kweli nusu tu. Majogoo wawili wanaweza kukaa pamoja ikiwa kila mmoja anajua nafasi yake, na ikiwa aliyeshindwa ana mahali pa kukimbilia.

Kuku wote huishi kwa utaratibu wa mkubwa na mdogo. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuchunguza kuku akiwa bado mtoto, aliandika habari za utaratibu huu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alionyesha kwamba katika kundi yuko kuku anayewadonoa wengine wote bila yeye kudonolewa, yuko anayedonolewa na wote, na wengine wamo katikati. Kuku wakishajuana hawapigani ovyo. Mkubwa akiinua kichwa tu, mdogo hupisha. Vita huanza pale utaratibu huo unapotikiswa.

Mambo yanayoutikisa ni haya:

- Pora wamekomaa. Kati ya miezi 3 na 5 jogoo mchanga huanza kuwika na kuwafuata mitetea. Jogoo mkubwa hamwoni tena kama kifaranga.
- Jogoo mgeni ameletwa ghafla.
- Jogoo wa nyumbani aliondolewa siku kadhaa, kwa ugonjwa au kwa kupelekwa sokoni, kisha amerudishwa. Wenzake humpokea kama mgeni.
- Mitetea ni michache na majogoo ni wengi.
- Chakula na maji viko mahali pamoja tu, na mwenye nguvu anavizuia.
- Ua ni mdogo.

Hili la mwisho ndilo kubwa zaidi kwetu tunaoishi kambini na katika mitaa iliyobanana. Kijijini jogoo aliyeshindwa hukimbia, akapotea kwenye mtama au vichakani, na vita vikaisha. Aliyeshinda hutosheka akiona mwenzake ameondoka. Lakini katika ua uliozungushiwa mianzi au turubai, aliyeshindwa hana pa kwenda. Husimama kwenye kona, na mshindi akiendelea kumwona humwendea tena na tena. Hivyo ugomvi ambao kijijini ungemalizika kwa dakika moja, hapa unaweza kuua.

Kwa hiyo usiharakishe kusema kwamba jogoo wako ana tabia mbaya. Kwanza tazama: je, aliyeshindwa ana njia ya kupisha?

NI MAJOGOO WANGAPI WANAOTOSHA?

Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Ukiwa na mitetea minne au mitano, jogoo wa pili hana kazi isipokuwa kugombana, kula chakula na kuwachosha mitetea. Mtetea anayepandwa mno utamjua: manyoya ya mgongoni na nyuma ya kichwa hunyonyoka, ngozi hubaki wazi, na mara nyingine huwa na vidonda.

Kumbuka pia kwamba mtetea hutaga hata kama hakuna jogoo. Jogoo anahitajika kwa ajili ya kupata vifaranga tu. Kama nia yako ni mayai ya kula na kuuza, unaweza kukaa bila jogoo kabisa.

Wengine husema: "Nikiweka mmoja akafa, nitafanyaje?" Swali hili ni la haki. Majibu yake ni mawili.

Jibu la kwanza: mwili wa mtetea hutunza mbegu za jogoo. Baada ya kupandwa anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kwa hiyo jogoo akifa leo, una siku kadhaa za kutafuta mwingine.

Jibu la pili: si lazima jogoo wa akiba akae kwako. Nyumba tatu au nne jirani zinaweza kupatana, kila moja iweke jogoo mmoja mzuri. Wa kwako akifa, unaazima kwa jirani. Mpango huu una faida nyingine. Jogoo akikaa miaka mingi katika ua mmoja, atapanda binti zake na wajukuu zake, na vifaranga watakuwa dhaifu. Mkibadilishana majogoo kila mwaka, mnaleta damu mpya bila kununua. Ila mbadilishane kuku wazima tu, na kila anayehama atengwe kwanza kwa siku 14 kama tutakavyoeleza.

PANGA KABLA PORA HAWAJAWIKA

Tuchukue mfano. Mtetea ameatamia mayai 12. Siku ya 21 wameanguliwa vifaranga 10. Kwa kawaida karibu nusu ya vifaranga huwa madume. Kama sita wakikua, tegemea kwamba watatu hivi ni pora. Ukiwa na mitetea wawili waliototoa wakati mmoja, utakuwa na pora sita. Maana yake ni kwamba swali la majogoo wengi hurudi kila mara mtetea anapototoa. Usisubiri vita ndipo uamue.

Kufikia miezi miwili au mitatu utaanza kuwatambua madume. Upanga wa kichwani huwa mkubwa na mwekundu kuliko wa dada zao, miguu huwa minene, na manyoya ya shingoni na mkiani huanza kuchongoka na kung'aa. Hapo fanya uamuzi:

1. Chagua mmoja wa kubaki kama mrithi, au usiweke yeyote kama jogoo wa sasa bado ana nguvu. Chagua aliyekua haraka, mwenye miguu iliyonyooka na macho maangavu, na asiyewarukia watu. Ukali kwa kiasi fulani hurithiwa. Ukimweka jogoo anayeshambulia watoto kwa sababu tu ana rangi nzuri, utapata wengine kama yeye.
2. Waliobaki uwauze au uwachinje kwa ajili ya familia kabla hawajaanza kupigana. Pora mzima mwenye nyama hupata bei. Jogoo mwenye jicho moja na upanga uliochanika hushusha bei, na pengine mnunuzi atadhani ni mgonjwa.
3. Kama unangoja sikukuu ndipo uuze, watenge pora wote pamoja mahali wasipoona mitetea. Waliokua pamoja na wasio na mitetea ya kugombania hupigana kidogo.

Angalizo: kuku uliyempeleka Konyo Konyo au soko la Jebel akakosa mnunuzi, usimrudishe moja kwa moja kundini. Amekaa tengani pamoja na kuku wa nyumba nyingi. Anaweza kurudi na ugonjwa, na pia majogoo wenzake watampiga kama mgeni.

UKILAZIMIKA KUWEKA MAJOGOO WAWILI

Kama una mitetea 16 hadi 20, au kuna sababu nyingine ya kuweka majogoo wawili, fuata mambo haya:

- Weka waliokua pamoja, au baba na mwanawe. Hao tayari wanajua nani ni mkubwa.
- Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, kimoja mbele ya nyumba na kingine nyuma, ili jogoo mmoja asiweze kulinda vyote.
- Weka mahali pa kujificha. Egemeza mkeka mkuukuu, kipande cha turubai au fito za mianzi ukutani, na uache nafasi wazi pande zote mbili ili anayefukuzwa aingie huku atokee kule. Mahali penye mlango mmoja ni mtego, si kimbilio.
- Tengeneza sehemu mbili za kulala. Jioni, kila mmoja akigombania fito ya juu, ndipo vita huanza.
- Nafasi ikiwa ndogo sana, wafungulie kwa zamu. Leo mmoja yuko nje, mwingine yuko kizimbani kwenye kivuli na maji, kesho mbadilishe.
- Ziba uwazi kati yao kwa turubai au mkeka. Majogoo wanaoonana kupitia wavu hupigana kupitia wavu, wakaumia vichwa na miguu.

Miezi ya mvua, ambayo hapa Juba huanza karibu Aprili na kuendelea hadi Oktoba, kuku wote hujibanza chini ya paa au chini ya rakuba. Huo ni wakati wa kuongeza uangalizi. Inua sakafu ya banda kwa fito ili iwe kavu, na panua mahali pa kujikinga mvua.

Je, jogoo afungwe kamba? Kamba inafaa kwa muda mfupi tu. Jogoo aliyefungwa hawezi kukimbia, na jogoo wa jirani akija atamuumiza vibaya. Ukimfunga, tumia kitambaa laini na pana badala ya waya au kamba ya nailoni, hamisha kila siku kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpe kivuli na maji, na hakikisha jogoo mwingine hamfikii. Tenga kubwa la kumfunika ni bora kuliko kamba.

KUMPOKEA JOGOO MGENI

Kuna methali isemayo kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waliosema hivyo walijua kwamba mgeni asiyezuiliwa hupotea. Leo tunaongeza sababu nyingine mbili, ambazo ni ugonjwa na vita.

Hatua ya kwanza. Mtenge kwa siku 14 mbali na kuku wengine, na vyombo vyake mwenyewe. Mhudumie wa mwisho baada ya kuwahudumia kuku wako, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya pili. Kama hajachanjwa dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, zungumza na mhudumu wa mifugo wa jamii. Chanjo ya I-2 huwekwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kinga hujengeka kwa siku 7 hadi 14, kwa hiyo ichanjwe mapema. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Hatua ya tatu. Akiwa mzima, msogeze karibu ili kundi limwone kwa siku tatu au nne bila kumgusa. Anaweza kukaa ndani ya tenga.

Hatua ya nne. Mfungulie mahali penye uwazi wakati wewe mwenyewe upo. Wengine humwingiza bandani usiku. Hilo linasaidia kwa mitetea, lakini kwa majogoo linaahirisha tu vita hadi alfajiri, wakati wewe bado umelala.

Usiingilie kila mara manyoya yanaposimama. Kurukiana mara chache bila damu ni njia yao ya kupanga nani mkubwa. Ingilia mara moja ukiona damu, ukiona aliyeshindwa amekimbia na bado anafuatwa, au wakiendelea dakika kadhaa bila mmoja kukubali.

NAMNA YA KUWATENGANISHA

1. Waondoe watoto kwanza.
2. Usiingize mkono wala mguu katikati. Nyuma ya mguu wa jogoo kuna kipi, ule mwiba mgumu, ambao huchoma kama msumari.
3. Wamwagie maji, au weka ubao, ungo au ufagio mpana kati yao.
4. Mfunike mmoja kwa tenga, au mtupie nguo kuukuu. Jogoo aliye gizani hutulia.
5. Watenge mahali wasipoonana.
6. Nawa mikono kwa sabuni, hata kama hukuona damu.

Kipi kikiwa kirefu na kikali, unaweza kupunguza ncha yake kwa tupa au msasa. Punguza ncha tu. Ndani ya kipi kuna mfupa wenye damu. Ukikikata karibu na mguu jogoo atatoka damu nyingi na jeraha litaoza.

KUTIBU JOGOO ALIYEUMIA

Mweke peke yake. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, hata wale waliokuwa wapole huanza kudonoa jeraha lenye damu.

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikatike. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Kisha paka iodini, au ile dawa ya zambarau ya vidonda ambayo pia huficha rangi ya damu. Usiipake ndani ya jicho. Jicho lisafishwe kwa maji hayo ya chumvi tu. Tazama jeraha kila asubuhi na jioni. Nzi wakitaga hapo, funza watatokea kwa muda mfupi. Usimrudishe kundini mpaka jeraha liwe kavu.

Usitumie mafuta ya taa, oili chafu ya gari wala maji ya betri. Vinaunguza ngozi.

Usimpe kuku kapsuli za rangi mbili wala dawa nyingine ya binadamu iliyobaki nyumbani. Kipimo hukijui, dawa hubaki katika mayai na nyama mnayokula, na vijidudu huzoea dawa hiyo. Siku mtoto wako atakapoihitaji, huenda isimsaidie.

NI UGOMVI AU NI UGONJWA?

Sehemu hii isome mara mbili. Jogoo aliyepigwa hujikunyata kwenye kona, hali, na upanga wake huwa na madoa meusi. Kuku mgonjwa naye hufanya hivyohivyo. Anayesema "ameshindwa tu huyo" anaweza kupoteza kundi zima.

Dalili za ugomvi: majeraha yapo kichwani, usoni, kifuani au miguuni, aliyeathirika ni jogoo mmoja au wawili, mitetea ni wazima, na akitengwa akapewa maji na chakula, huanza kula baada ya siku moja au mbili.

Dalili za mdondo: kuku kadhaa huugua kwa wakati mmoja, hupumua kwa shida, huharisha kijani, hupooza mabawa au miguu, shingo hupinda, na wengi hufa katika siku chache.

Dalili za ndui ya kuku: vipele na magamba kwenye upanga, karibu na macho na mdomoni, hata kwa vifaranga na mitetea ambao hawajapigana. Huenezwa na mbu, na pia huingia kupitia majeraha ya kudonoana.

Homa ya mafua ya ndege: vifo vya ghafla vya kuku wengi, kichwa na upanga kuvimba na kugeuka rangi ya zambarau. Ugonjwa huu haukuwa wa mbali na sisi. Mwaka 2006 virusi vya H5N1 vilithibitishwa kwa kuku katika maeneo ya Khartoum na Gezira, na baadaye mwaka huohuo hapa Juba. Virusi vya aina hiyo bado vinazunguka duniani, na vinaweza kumuua binadamu.

Ukiona kuku wengi wanakufa kwa ghafla: usiwachinje, usiwauze, usiwale, usiwatupe mtoni wala jalalani. Wazuie watoto. Mtaarifu mhudumu wa mifugo wa jamii, kiongozi wa bloku au mhamasishaji wa afya siku hiyohiyo. Mtu aliyewagusa kuku hao akipata homa na kukohoa, aende kliniki na aeleze wazi kwamba amegusa kuku waliokufa.

Jogoo aliyeumia kwa ugomvi lakini ni mzima wa mwili anaweza kuchinjwa na kuliwa, nyama ikipikwa mpaka iive kabisa. Jogoo aliyekuwa akiugua hafai kuliwa.

MTU AKIJERUHIWA NA JOGOO

Jogoo mkali hurukia kwa miguu na kulenga juu. Kwa mtu mzima "juu" ni goti. Kwa mtoto wa miaka miwili, "juu" ni uso na macho.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua dakika 5. Bonyeza kwa kitambaa safi kama damu inatoka. Usiweke majivu, udongo wala kinyesi cha mnyama.

Nenda kliniki bila kuchelewa ikiwa:

- Jeraha liko jichoni au karibu na jicho. Usilisugue. Lifunike kwa kitambaa safi bila kulibonyeza.
- Kipi kimeingia ndani, hata kama tundu ni dogo.
- Sehemu imevimba, ina joto, inatoa usaha, au mtu ana homa.
- Hukumbuki ni lini ulichanjwa dhidi ya pepopunda. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na jeraha jembamba lenye kina ndilo huvifaa.

Watu wengi huuliza kama jogoo huleta kichaa cha mbwa. Hapana. Kichaa cha mbwa huletwa na mbwa na wanyama wengine wanaonyonyesha, si ndege.

Wazee na akina mama wenye mishipa ya damu iliyovimba miguuni wawe waangalifu zaidi. Mwaka 2019 madaktari wa Australia walieleza kisa cha bibi wa miaka 76 aliyekuwa akiokota mayai. Jogoo alimdonoa mguuni kwenye mishipa kama hiyo, akatoka damu nyingi hadi akafa. Visa hivi ni nadra, lakini vinaonyesha kwamba jeraha dogo si jambo la kudharau. Mtu wa namna hiyo akidonolewa, alale chini, ainuliwe mguu, jeraha libonyezwe kwa nguvu bila kuachia, na apelekwe kliniki.

Jogoo akiendelea kuwashambulia watu baada ya kutengwa na kutulizwa, achinjwe. Hakuna jogoo mwenye thamani ya jicho la mtoto.

Jambo jingine ni mahali kuku wanapolala. Kwa kuogopa wezi na paka mwitu, wengi huwalaza majogoo ndani ya nyumba, mmoja kila kona. Kinyesi chao huleta vijidudu vya kuhara, hasa kwa mtoto anayetambaa. Ni bora kujenga kizimba kilichoinuliwa karibu na ukuta wa nyumba, chenye mlango wa kufunga. Kama bado huna, walaze ndani ya tenga mbali na chakula na maji ya kunywa, na ufagie kila asubuhi kabla mtoto hajawekwa chini.

JOGOO WA JIRANI

Kuku hajui mpaka wa kiwanja. Jogoo wako akivuka na kumuua wa jirani, lile si suala la kuku tena. Katika mtaa ambamo wakimbizi, waliorudi kutoka Kakuma au Uganda, na wenyeji wanaishi pamoja, neno dogo linaweza kuwa kubwa haraka.

Njia nzuri ni kupatana mapema, siku ambayo hakuna aliyekasirika. Kaeni majirani, mkubaliane: kila nyumba iweke majogoo wangapi, nani azibe mwanya wa ua, na jogoo akiua mwenzake mwenyewe atalipa nini. Makubaliano hayo yasemwe mbele ya kiongozi wa bloku au mzee wa mtaa. Usimpige mawe jogoo wa jirani. Mshike, au mfukuze kwa ufagio, kisha nenda ukaseme kwa utulivu.

Na vijana wanaopiganisha majogoo kwa kuweka dau waelezwe hatari yake. Damu na mate ya kuku wa sehemu mbalimbali hukutana hapo, na wenye majogoo huyashika kwa mikono mitupu. Katika mlipuko wa mafua ya ndege nchini Thailand mwaka 2004, majogoo wa kupiganishwa walikuwa miongoni mwa njia zilizohusishwa na kuenea kwa ugonjwa, na baadhi ya watu waliougua walikuwa wamewashika. Ugonjwa ukiingia kwa njia hiyo, kuku wa mtaa mzima watakufa, wakiwemo wa mjane ambaye hajawahi kuweka dau.

KUMBUKA

- Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha.
- Amua juu ya pora kabla hawajafika miezi 5.
- Anayeshindwa lazima awe na mahali pa kukimbilia.
- Mgeni, na aliyerudi kutoka sokoni, atengwe siku 14.
- Kuku wengi wakiugua pamoja si ugomvi, ni ugonjwa. Toa taarifa siku hiyohiyo.
- Jeraha la jichoni na tundu la kipi ni la kliniki, si la nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika bloku yenu, kuna nyumba ngapi zenye jogoo zaidi ya mmoja? Kila moja ina mitetea wangapi?
2. Nyumba zipi zinaweza kupatana kuazimana jogoo? Mtahakikishaje kwamba anayehama ni mzima?
3. Mama mmoja ana mitetea wanne na majogoo watatu, na karo inadaiwa baada ya mwezi mmoja. Mngemshauri nini, na kwa nini?
4. Kuku watano wakifa usiku mmoja, nani katika mtaa wenu anapaswa kupewa taarifa kwanza? Je, kila mtu anamjua?

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma, na leo jioni, kuku wakirudi kulala, wahesabu majogoo wako.